Karata za Timoti

Emerance alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, na mwaka ule macho yake yalikuwa yamefunikwa na kitu cheupe kama tui jepesi. La kulia lilikuwa karibu limekwisha. La kushoto lilimwonyesha watu kana kwamba wote wamesimama nyuma ya chandarua. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini stesheni ya reli, mume wake Okito alimtungia sindano na kuzichoma kwenye mto mdogo, ili mchana asihangaike. Walikuwa wawili tu nyumbani, maana binti yao Jeanne alikuwa ameolewa Kisangani. Mshahara wa reli ulichelewa hadi watu wakaacha kuuliza. Kilichowalisha ni cherehani ya Emerance.

Daktari wa macho kutoka Bukavu, aliyepita Kindu mara moja, alimwambia kwamba ule ni mtoto wa jicho, unatolewa kwa kisu na mtu anaona tena. Lakini lazima mgonjwa afike Bukavu. Barabara ilikuwa imemezwa na msitu, na ndege haimbebi mtu kwa mkopo. Emerance alirudi nyumbani, akatwanga sombe ya majani ya muhogo, na hakulitaja tena jambo hilo.

Siku moja ya mvua akaja kijana Mwamerika aliyekuwa akifundisha watu wa Kailo kuchimba mabwawa ya samaki. Watu walimwita Bwana Samaki, naye aliitika. Suruali yake ilikuwa imepasuka gotini.

"Mama, nisamehe, nimepasua tena."

"Magoti yako inakula kitambaa, Bwana Samaki. Ukae. Niangalilie kama uzi huu njo wa kaki."

Alimpa uzi uliozungushwa kwenye kipande cha karatasi ngumu. Kijana akaugeuza kwenye mwanga, kisha akausogeza kando kwa kidole. Chini ya uzi kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye kofia, ameweka fimbo begani.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Hiyo kartoni? Iko zingine."

Akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda. Bwana Samaki hakuligusa. Emerance alisikia maji yakimwagika kwenye beseni, akashangaa. Mtu aliyeingia na tope hadi mapajani alikuwa ananawa mikono.

Kijana alizitoa moja moja, akizishika pembeni. Alieleza kwamba kwao kuna mchezo unaoitwa besiboli, na kwamba watoto hukusanya karata zenye picha za wachezaji. Sasa watoto wale wamekuwa watu wazima wenye kazi, na wanazitafuta karata za zamani kama watu wanavyotafuta dhahabu kwenye machimbo ya Kama. Nyingi za kopo lile hazikuwa na thamani. Lakini chini kabisa kulikuwa na chache ndogondogo, za kabla baba yake hajazaliwa.

"Ni nani alikupa?"

"Mutoto niliyemulea misioni, upande wa Kibombo, nilipokuwa yaya. Babu yake alikuwa anamutumia."

"Usimuuzie mtu kwanza, Mama. Hata mimi usiniuzie."

"Hata wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu ninazitaka sana," alisema kijana, na Emerance akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Bwana Samaki akamwambia kwamba kwao Amerika kuna nyumba za mnada. Kitu kinawekwa mbele ya watu, wanashindana kutaja bei, na anayetaja kubwa ndiye anayekichukua. Nyumba yenyewe inakula sehemu yake. Kazi ni kuchagua nyumba ya kuamini. Aliandika majina na miaka ya zile karata za zamani, akamtumia baba yake ili aulize.

*

Majibu yalifika mvua zilipokuwa zinakatika. Walikutana Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara. Tambwe, kaka yake Emerance, alikuja na koti lake la abakosti lililofungwa hadi shingoni ingawa jasho lilimtiririka. Alikuwa kiongozi wa chama katika mtaa, na hakupenda familia yake izungumze na mgeni bila yeye kuwapo.

Bwana Samaki alisoma, akitafsiri polepole.

Nyumba ya kwanza ilikuwa New York. Ilikuwa kubwa, inauza picha za wachoraji na vito vya matajiri. Ingechukua zile karata chache tu, izitie kwenye kitabu chenye picha, na ikate sehemu moja katika tano. Mnada wao ulikuwa bado mbali, karibu mwaka mzima. Kama zisingenunuliwa, mwenyewe angelipia zirudishwe.

Nyumba ya pili ilikuwa Philadelphia. Ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja na dada yake, nao hawauzi kitu ila karata. Wangechukua kopo zima, wakate robo, wauze baada ya miezi michache. Zisizonunuliwa wangezirudisha kwa gharama yao.

"Lakini hawa wa Philadelphia wanauliza swali," kijana akasema. "Wanataka kujua karata zilitoka kwa nani, na kama mtu huyo anajua kwamba zinauzwa."

"Wale ni wafanyabiashara ao ni polisi?" Tambwe akauliza. "Mutu anaacha vitu vyake, anapanda avioni, anaenda. Wazungu waliacha maduka, waliacha mashamba, tukayagawana. Kilichoachwa Zaire ni cha Zaire."

Okito, ambaye hakuwa msemaji, akainua kichwa. "Na yale maduka, shemeji, leo iko wapi?"

Tambwe akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu anapita.

"Iko njia ya tatu," Okito akaendelea. "Amuri, mwenye duka la vitenge. Anaenda Bukavu kila mara, na kule anajua muzungu mumoja anayenunua vinyago na vitu vya zamani. Amuri analipa hapa hapa. Hakuna kungoja."

"Hiyo njo akili," Tambwe akasema.

Emerance alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Ile nyumba kubwa ya New York," akauliza, "haikuuliza karata zilitoka wapi?"

"Hapana, Mama. Wameuliza tu kama zina mikunjo."

"Na Amuri?"

"Amuri atauliza nini?" Okito akasema. "Ni karatasi."

Mkutano ukaisha bila neno la mwisho. Tambwe aliondoka akinung'unika kwamba wanawake wakiachiwa biashara wataifanya maombi.

*

Siku chache baadaye sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole cha Emerance. Hakulia. Aligeuza gurudumu kwa mkono kuitoa, akafunga kidole kwa kitambaa na kumaliza pindo. Okito aliporudi jioni, akaona madoa kwenye blauzi ya mteja, akayaosha mwenyewe kwa sabuni na maji baridi bila kumwambia mkewe.

Kesho yake akaenda ofisini kumwomba mkubwa wa stesheni ampe angalau sehemu ya mshahara wake. Aliambiwa akae kwenye benchi. Akakaa. Watu waliokuja nyuma yake waliingia na kutoka. Mwandishi mmoja, kijana aliyejifunza kazi mikononi mwa Okito, alimpita akiwa na chupa ya bia baridi ya mkubwa, akatazama pembeni. Jua lilipofika upande wa mto, mwandishi akatoka.

"Citoyen Okito, chef amesema uende nyumbani. Amesema hata yeye anakula madeni."

Ndani mtu akacheka. Okito akavaa kofia yake. Hakuenda kazini tena siku ile. Alikwenda nyumbani wakati Emerance yuko kisimani, akachukua kopo la biskuti, akaenda sokoni kwa Amuri.

Amuri alikuwa mtu wa watu, kanzu safi, sauti ya chini. Alizimwaga karata kwenye meza ya kupimia vitambaa, akazitazama bila kuelewa, kisha akataja bei. Ilitosha ndege ya kwenda Bukavu na kurudi, na kitu kidogo cha daktari. Okito akanyoosha mkono.

"Ulete basi."

"Mama Jeanne anasemaje?" Amuri akauliza, mkono ukiwa tayari ndani ya sanduku la pesa.

"Mimi njo mukubwa wa nyumba."

"Sikukuuliza hiyo, ndugu yangu. Hivi vitu ni vya nani?"

Okito akazitazama zile sura za watu wenye kofia. "Ni vya muke wangu."

"Na anajua uko hapa?"

Mtaani mtu alikuwa anatangaza bei ya mchele. Amuri akafunga sanduku.

"Mulete yeye mwenyewe, na bei ni ile ile. Kama nikinunua kitu chake bila yeye, kesho atapita mbele ya duka langu na hataniona. Lakini mimi nitamuona. Sitaki hiyo."

Akazirudisha karata kwenye kopo mwenyewe, akazipanga vizuri kuliko zilivyokuja.

*

Emerance alisikia mlio wa kopo likiwekwa mezani.

"Umetoka nayo wapi?"

Okito alimwambia yote, la benchi na la Amuri. Hakupunguza. Emerance alisikiliza akichambua mchele kwa vidole, akitoa mawe aliyoweza kuyahisi.

"Mimi pia sijakuambia kitu," akasema. "Siku wazungu wa misioni walipokimbia, wakati wa vita vya waasi, kila mutu aliambiwa mufuko mumoja tu. Timoti, yule mutoto niliyemulea, alikuwa analia. Mama yake akamwambia atupe kopo. Akaniwekea hapa, mapajani. Watu wanadhani alisema 'chukua'. Hapana. Alisema 'uniwekee'."

"Miaka ishirini, Mama Jeanne!"

"Miaka ishirini nimemuwekea. Zingine nimezungushia uzi, hiyo ni kosa yangu. Lakini kuuza bila kumuuliza, siwezi. Wale wa Philadelphia waliuliza nilichokuwa najiuliza. Nawachagua wale."

"Na akisema anazitaka zote?"

"Itakuwa haki yake."

"Na macho?"

Emerance aliacha mchele. "Ninaogopa, Baba Jeanne. Usidhani siogopi. Kila asubuhi nafungua macho kuona kama bado iko kitu. Lakini ninaogopa pia ile nyingine, ya kula kitu cha mutu."

"Macho hayo si yako peke yako!" Okito alipaza sauti, jambo ambalo majirani hawakulizoea. "Mimi ninakula kwa macho hayo. Jeanne alisoma kwa macho hayo. Unayaweka juu ya neno la mutoto muzungu aliyekusahau zamani!"

Alitoka nje, akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa. Emerance alipika, akamfunikia sahani, naye hakula.

Asubuhi Okito aliamka kabla yake kama kawaida. Alitunga sindano, akazichoma kwenye mto. Mlangoni akasimama.

"Mwambie Bwana Samaki aandike Philadelphia," akasema, akaenda kazini.

Barua ilipoandikwa, Tambwe akagoma kwa jambo jingine. Dada yake alitaka kuweka sahihi kwa jina la Emerance. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali tangu zamani, na kwenye kadi yake ya chama jina hilo lilikuwa limefutwa kabisa.

"Unataka waniulize mimi?" Tambwe akasema. "Jina lako la Zaire liko."

"Timoti hajui lile lingine, kaka. Atanijua namna gani?"

Tambwe akafuta jasho. Mwishowe akageuka kutazama ukuta ili asione dada yake akiandika.

*

Bwana Samaki alikuwa anamaliza mkataba wake, basi akalibeba kopo mwenyewe hadi Amerika. Baada ya hapo kukawa kimya. Karibu na kisima wanawake walianza kumwita Emerance Mama Picha. Mmoja alimuuliza mbele ya wenzake kama karata zake tayari zimejenga ghorofa, na wote wakacheka, naye akatafuta kamba ya ndoo kwa kupapasa huku wakimtazama. Tambwe alisema alichosema kila alipokuja, kwamba mtu akimpa mgeni mali yake mkononi hana cha kungoja. Jioni Okito alikuwa akimshika mkono kwenda chooni, kwa kuwa gizani jicho la kushoto nalo lilikuwa limeacha kusaidia.

Jibu lilipofika, padri mmoja aliwasomea.

Wenye nyumba ya mnada walikuwa wameliuliza kanisa lililowatuma wamisionari, na kanisa likamjua Timoti. Alikuwa fundi wa mapaa, ana watoto wanne, na msimu huo kazi zilikuwa chache. Aliposikia jina la Emerance alikaa chini. Alikumbuka kopo. Alikubali liuzwe, lakini aliomba nusu. Karata ziliuzwa vizuri, moja kwa bei ambayo hata wenye nyumba hawakuitarajia. Waliondoa robo yao, wakagawa kilichobaki sawasawa. Bwana Samaki aliongeza maneno yake chini. Alisema anaona aibu, alitumaini kwamba Timoti angemwachia mama zote.

"Nusu!" Tambwe akaruka. "Aliacha vitu akakimbia, wewe ukalala juu yake miaka ishirini, leo anataka nusu!"

Lakini Emerance alikuwa anacheka, mkono mdomoni. "Mutoto yule! Hata ndizi alikuwa anaipima kwanza kwa kidole, ndipo anakata. Kama mimi nilipata kipande kikubwa, analia. Kama yeye alipata kikubwa, analia pia." Akapangusa macho. "Ana watoto wanne. Nusu njo sawa."

Okito alikuwa anahesabu kimya kichwani. Walikuwa wameota macho mawili na viti viwili vya ndege. Nusu ile ilikuwa kiti kimoja na jicho moja.

"Utaenda peke yako," akamwambia. "Utaweza?"

"Nitashika nguo ya mutu wa mbele."

*

Huko Bukavu daktari alitengeneza jicho la kushoto, akampa miwani mizito. Aliporudi, ndege ilishuka Kindu saa za mchana, na kitu cha kwanza alichokiona kwa uhakika ni mume wake amesimama juani nyuma ya uzio, ameshika kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

"Unaniona?" Okito akauliza.

"Nakuona. Umezeeka."

"Kidogo."

Walitembea polepole, kwani Emerance alisimama kila mahali. Alitazama majani ya mgomba yaliyochanika, mabati yenye kutu ya stesheni, mto ukimeremeta kuelekea Alunguli. Watu walitoka kumsalimu. Jirani yao Sharifa alikuja mbio kumkumbatia, na Emerance akaona kwamba gauni lake limepanda upande mmoja hadi karibu na goti. Mwalimu wa shule akamshika mkono, na kola ya shati lake ilikaa kama sikio lililokunjwa. Mke wa mchungaji alikuwa na blauzi ambayo maua yake yaliangalia juu kifuani na kuangalia chini mgongoni. Kila kitambaa alikijua. Alianza kusalimu kwa sauti ndogo, kisha akawa anatikisa kichwa tu.

Nyumbani akakaa. Okito akamletea maji ya kunywa kwa mkono wa kulia. Mkono wa shati upande huo ulikuwa umekunjwa mara mbili, wa kushoto haukukunjwa. Emerance akaweka kikombe chini, akaushika ule mkunjo, akaufungua. Kitambaa kikateremka hadi kikafunika vidole vya mumewe vyote.

"Nimekushonea lini hii?"

"Pasaka ya mwaka juzi."

"Na unaivaa kazini? Mbele ya watu wote?"

"Shati ni nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikunja tu," Okito akasema.

Emerance akatazama mlangoni, barabarani, ambako Sharifa alikuwa anaondoka na gauni lake lililopanda, anacheka na mtu.

"Na wale wengine?"

"Nao walikunja."

"Na walinilipa?"

"Walikulipa."

Akairudisha juu miwani iliyomteleza puani. Halafu akainuka, akaikokota cherehani hadi mlangoni penye mwanga, akachukua sindano na uzi. Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni. Mara ya pili ukaingia.

"Vua," akamwambia mumewe. "Halafu uende ukawaite."